Nyasi Nilizoziondoa Kwenye Kiota

Jumapili, tarehe tisa Novemba. Jana usiku ilinyesha mvua ya mawe, leo asubuhi jua limetoka kali na upepo hakuna kabisa.

Mwenye nyumba ameamka na mashine yake ya kukatia nyasi, na harufu imepanda mpaka chumbani kwangu. Nyasi mbichi, zenye maji, zilizokatwa kabla hazijakauka. Watu wengi wanaipenda harufu hiyo. Mimi siivumilii. Nimefunga dirisha, haikusaidia, nikafungua daftari.

Mimi si mwandishi. Shule niliishia gredi ya tisa, na Kiswahili changu ni cha studio ya Baba, kilichochanganyika na cha mitaa ya Hillbrow. Ila jambo hili nimelizungusha kichwani miaka mingi, na kila nikilisimulia kwa mdomo najikuta najipendelea. Nikiliandika labda nitajibana. Mkinisoma nihukumuni, lakini msiwe wepesi wa kunihurumia.

Baba yangu, Bakari, mtu wa Tanga, alikuwa mpiga picha za pasipoti. Studio yake ilikuwa kilango kimoja tu chini ya ghorofa, pale Hillbrow, mtaa uliojaa wageni: shuka jeupe ukutani, kigoda, taa mbili. Wakongo, Watanzania, Warundi, Wakenya, wote walipita pale, maana mgeni katika mji huu hakosi karatasi ya kujaza, na karatasi haikosi mahali pa kubandika uso. Masharti ya picha hizo niliyajua kabla sijajua kuzidisha. Uso uwe wazi. Nywele zisifunike jicho. Masikio yote mawili yaonekane. Ukikosea, ofisi inairudisha fomu na mteja anakwenda kupanga foleni upya tangu alfajiri.

"Picha inayorudishwa si picha," Baba alizoea kusema. Na tena: "Mtu usimpambe. Mfungue."

Kazi ya kuwafungua watu ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi, na mfukoni mwangu hakikukosa kitana wala tishu. Mteja akishakaa, nilimfuta jasho, nikamnyoosha kola, nikamsogezea nywele nyuma ya sikio. Watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wananiinamishia kichwa. Nisijifiche: niliipenda sana kazi ile. Niliamini kwamba bila vidole vyangu Baba asingepiga picha hata moja iliyo sawa.

Siku moja akaja Mkenya mmoja anayefanya kazi benki, Bwana Mutiso. Mimi nikamwita Ankal, kama tulivyowaita Wakenya wote wa rika la Baba. Kichwa chake kilikuwa kipara safi, kwa hiyo kitana changu hakikupata riziki. Begani alikuwa na begi, na ndani ya begi kamera yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai. Kila Jumamosi, alisema, anakwenda kwenye flei, ndivyo wanavyoyaita huku mabwawa ya matete yasiyo na kina, kuwapiga picha ndege wa miguu mirefu wanaotembea majini.

Baba aliomba kuishika.

"Shika vizuri bwana, hiyo si yai," Ankal akacheka, kwa sababu Baba aliipokea kwa viganja viwili, amebana pumzi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Ankal na wenzake walikuwa wakitoa kalenda kila mwaka, mwezi mmoja ndege mmoja, na chini ya kila picha jina la aliyeipiga. Baba aliuliza mara mbili. Jina? Jina lako, Bakari, kwa herufi za kusomeka. Baba alikuwa ameshapiga nyuso zisizohesabika, ziko ndani ya pasipoti zinazozunguka dunia, na hakuna hata moja iliyoandikwa jina lake. Sikumsikia akilalamika. Lakini nilimwona alivyoitazama kalenda ya mwaka ule aliyoletewa na Ankal. Hakuangalia ndege. Alipitisha kidole chini ya picha, kwenye majina.

Jumamosi ya kwanza Ankal alipotualika, tuliondoka nyumbani Bellevue alfajiri, kwenye gari lake, tukapita Jeppestown na robot zake, yaani taa za barabarani, zote nyekundu, tukavipita vilima vya mchanga wa manjano uliotolewa migodini, mpaka kwenye flei moja upande wa mashariki. Ubaridi ulikuwa wa kuuma masikio. Maji yametulia, matope yananuka kama shaba na mayai viza, na juu ya matope hayo wanatembea ndege kwa hatua za taratibu, kama watu waliovaa viatu vipya.

Ankal alituonyesha kiota. Kilikuwa kwenye kisiwa kidogo cha tope na nyasi, hatua chache tu kutoka ukingoni, na aliyelala juu yake alikuwa ndege mweupe mwenye mabawa meusi na miguu miekundu, mirefu kupita kiasi. Ankal alimtaja kwa Kiingereza. Baba akasema kwao wapo, pwani maji yakipwa, ila jina limempotea. Mimi nikampa la kwangu: Soksi. Chini yake mlikuwa na mayai manne.

"Sheria ni moja," Ankal alisema, akinitazama na mimi. "Kiota hakiguswi. Hata ungekuwa nani. Kuna fomu ya kalenda unatia sahihi kwamba hukuguza kitu. Ukiguza, umejitoa."

Na alitueleza jambo jingine, nalikumbuka kwa sababu lilinichekesha. Jua likizidi, alisema, huyu ndege hushuka majini akalowesha manyoya ya tumbo, kisha anarudi kusimama juu ya mayai na kuyadondoshea maji. Nikasema, "Kumbe anayaogesha!" Ankal akasema hapana, anayaokoa. Yai likipigwa na jua bila kivuli linaiva.

Siku hiyo Baba alipiga picha nyingi. Jioni alizitazama nyumbani, kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera ya pili ya Ankal, aliyoazimwa, na mimi nikachungulia begani kwake. Katika kila picha kulikuwa na unyasi umepita mbele ya jicho la Soksi. Mwembamba, lakini upo.

"Ingekuwa pasipoti ingerudishwa," Baba alisema. Akaizima kamera. Chai yake ikapoa.

Wiki nzima ile nilimfikiria Soksi kama mteja.

Jumamosi ya pili, wakati Baba na Ankal wanashusha vitu garini, niliomba ruhusa ya kwenda haja nyuma ya matete. Nilikwenda kweli, hilo si uongo. Lakini wakati wa kurudi nilipita ukingoni, nikavua viatu, nikaingia majini mpaka magotini. Soksi aliruka akipiga kelele kali, kek-kek-kek. Nilimwambia pole, nakufungua tu. Nikaanza kuzing'oa nyasi zilizokuwa upande wa kamera, shada kwa shada, na zilizokataa kung'oka nikazilaza nyuma kama nywele za mteja. Vidole vyangu vilinuka majani mabichi. Kiota chenyewe sikukigusa, na mayai sikuyagusa. Neno la Ankal nililishika kama lilivyosemwa, wala sikuona kosa. Au niliona? Hapa ndipo huwa najipendelea. Kama sikuona kosa, kwa nini nilirudi mbio na kusema nimekawia kwa sababu ya haja?

Ankal alijifunika turubai lake upande wa pili wa flei, mbali, akiwasubiri ndege wengine. Mimi na Baba tuliingia kwenye kihema chetu cha kitambaa cha rangi ya majani, kidogo hivi kwamba magoti yetu yaligusana. Baba akaweka jicho kwenye kamera. Nikamwona anavyojinyoosha.

"Subhanallah," alinong'ona. "Mwanaidi, upepo umetusaidia. Pamefunguka kabisa."

Nilijisikia mkubwa. Nikangoja Soksi arudi.

Hakurudi. Alizunguka juu, yeye na mwenzake, wakipiga kelele. Akatua mbali. Akatembea hatua tatu kuelekea kiotani, akasimama, akaruka tena. Ubaridi uliisha na jua likapanda. Mle hemani pakawa kama ndani ya sufuria, jasho linanichuruzika mgongoni. Kupitia kitundu changu niliyaona mayai manne, wazi, yana madoadoa, hayana hata kivuli cha unyasi mmoja. Hapo ndipo nikaona nyasi zilikuwa za nini.

Kunguru mmoja, mweupe kifuani, akaja akatua kwenye nguzo ya uzio. Akageuza kichwa upande huu, akageuza upande ule.

"Njoo mama, njoo," Baba alikuwa akimwambia Soksi, kwa sauti ileile ya kumtuliza mtoto mchanga anayepigwa picha ya kwanza. "Kaa hapo. Uso huku. Njoo."

Hatimaye Soksi alitua majini. Akachuchumaa mpaka tumbo likazama, akainuka, akatembea haraka, maji yanadondoka katikati ya miguu yake mirefu, akasimama juu ya mayai. Matone yalimeremeta. Jicho lake jekundu lilikuwa wazi kabisa. Hakulala. Alisimama tu, mdomo umeachama, anahema, na baada ya muda mfupi akaenda kuchukua maji mengine. Akarudi. Akaenda tena. Na kila alipokwenda, kunguru alisogea nguzo moja.

Baba alikuwa amejaa furaha. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Na mimi nilijua, katika ukingo ule wote ni mimi peke yangu niliyejua, kwamba yule ndege hakuwa akitupa picha nzuri. Alikuwa akihangaika. Nikinyamaza, Baba anapata jina lake. Nikisema, halipati. Nililiona jambo lenyewe hivyo hivyo, mtoto wa miaka kumi, na bado nilinyamaza. Soksi alikwenda majini mara mbili zaidi nikiwa nimenyamaza. Nazitaja hizo mara mbili kwa sababu hakuna mwingine wa kuzitaja.

Kisha nikasema, "Baba, ni mimi."

"Shh."

"Nyasi nimeziondoa mimi. Ili masikio yaonekane."

Nikasikia mlio wa kamera. Mmoja tu.

Mpaka leo sijui mlio ule ulikuja kabla maneno yangu hayajamfikia au baada. Kuna miaka nimeapa kwamba ulikuja kabla. Kuna miaka, hasa nilipokuwa nimemkasirikia kwa mambo mengine, niliapa kwamba alinisikia, akapiga, ndipo akainuka. Haki yake nimpe: hakupiga mwingine. Aliliinua hema zima kwa mabega, likaanguka, akaingia majini na viatu vyake vya Ijumaa. Kunguru akaruka, Soksi naye akaruka. Baba akafika pale kisiwani na kuanza kuzirudisha zile nyasi nilizozitupa, anazichomeka topeni moja moja, zinaanguka, anazichomeka tena. Zilizonyauka akaziacha, akavunja matete na kuyasimamisha upande wa jua.

Ankal alikuja anakimbia, turubai limemning'inia shingoni.

"Bakari! Wee Bakari! Unafanya nini hapo? Toka hapo!"

Baba hakugeuka mpaka alipomaliza. Alirudi ukingoni, tope mpaka mapajani.

"Nyasi zilikuwa zimeng'olewa," alisema. "Nimezirudisha."

"Zimeng'olewa na nani?"

Nilifungua mdomo. Baba akaniwekea mkono kichwani, mzito, wenye maji.

"Na mimi. Asubuhi, ulipokuwa unafunga gari. Mazoea ya kazi, bwana. Nimezoea kuwafungua watu."

Ankal alimtazama. Hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alitupa petroli yake, kamera yake, Jumamosi zake. Lakini sasa uso wake ulijifunga.

"Mimi nilikueleza."

"Ulinieleza."

"Mtu mzima, Bakari. Si ungesema tu hutaki kungoja?"

"Ningesema."

Tulirudi nyuma mpaka garini na kusubiri huko. Ankal alishika darubini. Mimi nilihesabu kimoyomoyo mpaka mia, nikaanza upya, nikaanza upya, kunguru bado anapitapita juu. Kitu nilichomwomba Mungu nakikumbuka: nilimwambia akinirudishia Soksi sitagusa tena uso wa mtu. Nilikuwa kwenye mia ya tisa au ya kumi Ankal aliposema, bila kuitoa darubini machoni, "Ameingia." Na baadaye kidogo, "Amelala."

Njiani alisimamisha gari kwenye robot ya Jeppestown, akaomba kamera yake. Akaitazama ile picha moja nyuma ya kamera. Nami niliiona, kutoka kiti cha nyuma, mara moja tu maishani: matone, jicho, miguu miekundu, hakuna unyasi.

"Eish," alisema taratibu. "Hii ndiyo ingekuwa jalada la kalenda."

"Ifute," Baba alisema.

Robot ikageuka kijani, wa nyuma wakapiga honi.

Jumatatu baada ya shule nilikwenda studio. Alikuja mama mmoja wa Kikongo mwenye rasta zilizomwagikia usoni, akakaa kigodani. Mimi nilisimama kwenye kona, mikono nyuma. Baba aliwasha taa, akapima mwanga, akanitazama. Nikatikisa kichwa. Alichukua kitana mezani, akaninyooshea.

"Mteja anasubiri, Mwanaidi."

Sikukipokea upesi. Ahadi yangu kwa Mungu ilikuwa ya juzi tu. Yeye akabaki amenyoosha mkono, na yule mama akaanza kugeuka kuona kuna nini. Nikakichukua. Nikamsogezea rasta nyuma, sikio likaonekana, na picha haikurudi.

Ankal hakutualika tena, na kalenda ya mwaka uliofuata hatukuiona. Baada ya wiki kadhaa alikuja, kavaa tai, anahitaji picha za viza. Alikaa kwenye kigoda. Mimi, bila kufikiri, nikamfuata, nikamfuta jasho la kipara, nikamnyoosha kola, nikaondoa kinyuzi kilichokuwa begani mwake. Alivitazama vidole vyangu. Akavifuata kwa macho mpaka viliporudi mfukoni. Kisha akainua macho kwa Baba.

"Kumbe," alisema.

Baba alikuwa ameinama kwenye kamera. "Uso huku, bwana."

"Mayai matatu yalitoka vifaranga," Ankal akasema, akitazama mbele kama alivyoamriwa. "Moja halikutoka. Hutokea tu. Hata pasipo kuguzwa, hutokea."

Sikuwahi kujua kama alisema kweli au alinionea huruma. Katika daftari hili naandika matatu na moja, basi.

Utotoni nilifikiri Baba alidanganya ili nisigombezwe. Nikaona ni kitu kidogo, kila baba angefanya. Sasa kazi yangu ni kusuka, saluni, vichwa vya watu viko mikononi mwangu tangu asubuhi mpaka jioni, ndipo nimeelewa kidogo. Kugombezwa kungepita. Angesema "ni mtoto," Ankal angenisamehe palepale, na Jumamosi zao zingeendelea, na jina lake lingeandikwa mwaka mwingine. Lakini lingetangazwa mbele ya watu kwamba mikono yangu inaharibu inapogusa. Nadhani hilo ndilo alilolikataa, na bei yake aliijua kabla hajafungua mdomo. Nasema nadhani. Yeye hakulieleza hata siku moja, na mimi niliogopa kumuuliza hadi muda wa kuuliza ukaisha.

Na jioni ile yenyewe, ya Jumamosi ya pili? Ningependa kuandika kwamba tulikula samaki, mtu asije akafikiri natunga. Lakini Mama, ambaye hakuwa na habari yoyote, alikuwa amepika wali na mchuzi wa mayai. Manne. Alituandalia, akauliza viatu vya Ijumaa vimefanywa nini. Mimi nililitazama la kwangu limekaa kwenye mchuzi, nikashindwa. Baba alisogeza sahani yangu kwake, akalikata vipande vidogo vidogo mpaka halikufanana tena na yai, akalichanganya na wali, akanirudishia.

"Kula," alisema. Nikala.